Bibi Titi Mohamed: Kutoka Ngomani hadi Jukwaani

Bibi Titi Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Hakupata elimu zaidi ya shule ya msingi. Alijulikana mjini kwa sauti yake katika kikundi cha ngoma cha Bomba. Mwaka 1955 John Hatch, mgeni kutoka chama cha Leba cha Uingereza, aliwauliza viongozi wa TANU wanawake wako wapi. Tawi lao halikuwapo. Ndipo Titi akakabidhiwa kazi. Aliwaendea viongozi wa ngoma, na katika miezi michache wanawake zaidi ya 5,000 walijiunga. Ngoma hizo, ambazo wanaume wengi waliziona mchezo tu, zilikuwa tayari na viongozi, michango na nidhamu. Kikwazo kilikuwa nyumbani: mke alihitaji idhini ya mume ili ahudhurie mkutano, na wapo waliokatazwa.

Mwaka 1969 alikamatwa kwa shtaka la uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiliwa 1972. Wanahistoria, waliopenda kuanzia kwa wasomi wa Makerere, walimtaja kwa kupita. Susan Geiger alichapisha masimulizi ya maisha yake mwaka 1997, miaka mitatu kabla hajafariki.