Kleist Sykes: karani wa reli aliyejua kutumia muda

Mkulima anayeshusha nyanya zake Kariakoo alfajiri, au mfanyabiashara anayekuja kufunga mzigo wa kupeleka mkoani, huenda amekwishapita Mtaa wa Kleist Sykes mara nyingi bila kujiuliza mwenye jina hilo alikuwa nani. Wenyeji wa zamani waliujua mtaa huo kwa jina la Kipata. Ulibadilishwa jina kumkumbuka mtu aliyeishi hapo, akafanya kazi ya kuajiriwa, akafanya biashara na akaongoza vyama, vyote kwa pamoja, wakati ambapo Mwafrika mjini hakutarajiwa kufanya hata kimoja kati ya hivyo kwa mafanikio.

Kleist Sykes alizaliwa Pangani mwaka 1894. Baba yake, Sykes Mbuwane, alikuwa Mzulu kutoka Inhambane, Msumbiji, mmoja wa askari walioletwa na Mjerumani Hermann von Wissmann kupigana na Abushiri. Baba huyo alikufa maji akivuka mto, akirejea kutoka katika vita dhidi ya Mtwa Mkwawa wa Wahehe. Kleist alikuwa bado mtoto mdogo. Alilelewa na Effendi Plantan, askari mwenzake baba yake aliyekuwa mkubwa wa Wazulu hao.

Tuangalie hali yake kwa jicho la mfanyabiashara. Kijana huyu hakuwa na shamba la kurithi, wala ukoo wenye ardhi katika nchi hii, wala duka la baba. Mtaji pekee aliokuwa nao ni ule ambao angeweza kuuweka kichwani na mikononi mwake. Akasoma. Alijifunza Kijerumani, na baadaye Kiingereza, pamoja na kazi za ofisi. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, alipigana upande wa Wajerumani chini ya Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck.

Wajerumani walishindwa. Watu wengi waliokuwa wameegemea utawala ule walijikuta hawana pa kushika. Kleist aliingia katika Shirika la Reli chini ya Waingereza, akawa karani. Kilichomvusha kutoka utawala mmoja hadi mwingine ni ujuzi wake, kwa sababu serikali zilibadilika lakini kazi ya kuandika, kuhesabu na kutunza mafaili ilibaki ile ile. Ndiyo sababu mkulima anayejifunza kulima zao la pili, au muuza duka anayejifunza kutumia kompyuta, hapotezi muda wake hata kama faida haionekani mwaka huo.

Wakati huo huo Kariakoo ilikuwa inazaliwa. Jina lenyewe limetokana na maneno ya Kiingereza Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi hapo wakati wa vita. Baada ya vita, eneo hilo likawa makazi na soko la Waafrika.

Haikuwa rahisi kwa Mwafrika kufanya biashara. Sheria ya kikoloni ya miaka ya 1920 na 1930 ilizuia Waafrika kukopeshwa bidhaa kwa utaratibu wa kawaida. Mwenye duka la jumla aliyemkopesha Mwafrika bila kibali cha serikali alijua kwamba hawezi kumdai mahakamani. Kwa maneno mengine, wakati wafanyabiashara wa jamii nyingine walizungusha mali kwa mkopo, Mwafrika alitegemea fedha taslimu. Mshahara wa mwisho wa mwezi na akiba iliyotokana nao ndiyo ilikuwa benki yake.

Kleist aliutumia mshahara wa reli kama ngazi. Aliendelea na ajira na huku akijenga biashara zake, hadi akahesabiwa miongoni mwa Waafrika wachache wa Dar es Salaam waliojulikana kama wafanyabiashara. Hakuruka kutoka mguu mmoja kabla ya kukanyaga kwa mguu mwingine.

Mwaka 1924 alifika nchini Dk. Kwegyir Aggrey, msomi kutoka Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, akiwa katika msafara wa tume ya elimu ya Phelps-Stokes. Kleist alikutana naye, na Aggrey akamshauri kwamba Waafrika wa Tanganyika waunde chama cha kuwaunganisha. Wengi wetu tunapopewa ushauri mzuri tunautia mfukoni, na baada ya wiki umesahaulika. Kleist aliubeba ushauri ule kwa miaka mitano. Mwaka 1929 African Association ilianzishwa, Cecil Matola akiwa rais na Kleist akiwa katibu.

Kazi ya ukatibu ndiyo isiyo na sifa. Rais huonekana jukwaani, lakini katibu ndiye anayeandika barua, anayetunza daftari na anayekumbusha watu siku ya mkutano. Chama kingi hufa kwa kukosa katibu kuliko kwa kukosa rais. Wanaushirika na wanachama wa vikundi vya kuweka na kukopa wanalijua hilo vizuri.

Chama hicho kilihitaji ofisi. Fedha hazikutosha, na wanachama wengi walikuwa waajiriwa wenye kazi siku zote za juma. Walichokuwa nacho ni Jumapili. Wakajitolea kujenga siku hiyo, wiki baada ya wiki, hadi jengo likasimama katika mtaa ambao leo unaitwa Lumumba. Ndani ya jengo hilo, Julai 7, 1954, ilizaliwa TANU. Mwaka 1933 Kleist alishiriki pia kuanzisha Al Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, jumuiya iliyojenga shule ya watoto wa Kiislamu mjini.

Kleist hakuiona TANU. Alifariki mwaka 1949, akiwa na umri wa miaka 55 hivi. Mwanawe Abdulwahid, aliyezaliwa mwaka 1924, alikuwa Mkuu wa Soko la Kariakoo na mmoja wa waasisi 17 wa TANU pamoja na mdogo wake Ally. Abdulwahid naye alifariki mwaka 1968.

Kabla ya kufa, Kleist aliandika kumbukumbu za maisha yake. Karatasi hizo zilibaki katika familia. Mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, alizitumia kuandika maisha ya babu yake, na kazi hiyo ikachapishwa mwaka 1973 katika kitabu kilichohaririwa na mwanahistoria John Iliffe. Wapo watu wengi wa Kariakoo ya wakati ule waliofanya kazi kubwa na majina yao yamepotea. Kleist hakupotea, na sababu mojawapo ni kwamba alishika kalamu.

Kwa msomaji wa ukurasa huu, hilo lina uzito wa shilingi na senti. Wafanyabiashara wengi wadogo wanaweka duka lote kichwani. Anayedaiwa anajulikana na mwenye duka peke yake, na bei ya kununulia anaijua yeye tu. Mzee akianguka ghafla, mjane na watoto hawajui waanzie wapi. Wadaiwa wananyamaza, wadai wanajitokeza, na baada ya miezi michache duka limefungwa. Mkulima naye akiuza magunia yake bila kuandika gharama ya mbegu, mbolea, vibarua na usafiri, hawezi kujua kama dalali wa sokoni amempa faida au amemrudishia fedha zake mwenyewe.

Yapo mambo matatu ambayo mtu anaweza kuyaanza wiki hii bila mtaji. La kwanza, nunua daftari moja na uandike kila jioni kabla ya kula: kilichoingia, kilichotoka, na nani anadaiwa. Dakika kumi zinatosha. Mwonyeshe mtu mmoja nyumbani mahali linapowekwa.

La pili, tenga saa chache za wiki, siku ile ile, kwa kazi moja ambayo huipatii nafasi, iwe kukarabati ghala, kuchimba kisima au kujifunza hesabu. Usibadilishe siku.

La tatu, usiache chanzo cha kwanza cha kipato mpaka cha pili kiweze kusimama chenyewe.

Utakaposhuka tena Kariakoo na mzigo wako, ukaona kibao cha Mtaa wa Kleist Sykes, jiulize kama daftari la jana umelijaza.