JOHN AKII-BUA: BINGWA WA NJIA YA KWANZA

Jumapili ya tarehe 3 Machi 2024, saa za alasiri, nilikuwa Feri nikingoja pantoni ya kwenda Kigamboni. Kando yangu walikaa vijana wanne waliovaa fulana za michezo zenye nembo ya shule yetu. Waliniamkia kwa adabu, nami nikawaambia kuwa nilisoma shule hiyo hiyo. Walikuwa wameinamia simu moja ambayo mwenyewe alieleza haraka kuwa ni ya kaka yake, wakitazama marudio ya mashindano ya dunia ya riadha ya ukumbini yaliyokuwa yakifanyika Glasgow. Mmarekani Grant Holloway alikuwa ameshinda usiku uliotangulia mbio za meta 60 za kuruka viunzi.

Mmoja wao, ambaye naye ni mruka viunzi, aliniuliza kwa nini katika mashindano hayo hakuna meta 400 za viunzi. Nilimweleza kuwa mzunguko wa ukumbini ni meta 200 tu, nusu ya ule wa nje, na kona zake ni kali tena zimeinuliwa upande mmoja. Mbio za meta 400 za viunzi zinataka nafasi. Kuna viunzi 10, cha kwanza kiko meta 45 kutoka mwanzo, kisha kila baada ya meta 35, na baada ya cha mwisho zinabaki meta 40. Ndipo nikawauliza kama wamepata kusikia jina la John Akii-Bua. Wote wanne walitikisa vichwa. Pantoni ikafika na mazungumzo yakakatika. Kwa hiyo mhariri wa gazeti hili aliponiomba niandike chochote, sikuhangaika kutafuta habari ya kuandika.

John Akii-Bua alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949 katika nchi ya Lango, kaskazini ya Uganda. Baba yake alikuwa chifu mwenye wake kadhaa na watoto 43. Msomaji asidhani kuwa mtoto wa chifu alilelewa kama yai. Katika nyumba yenye watoto wengi kiasi hicho, kila mmoja hupata kazi yake, na John alichunga ng'ombe wa baba yake. Baba alifariki John akiwa bado kijana, na masomo yake yakaishia hapo. Alifanya kazi katika baa, kisha akaenda Kampala kujiunga na polisi.

Huko ndiko riadha ilikomkuta. Katika polisi alikuwapo afisa mmoja, Jorem Ochana, ambaye mwenyewe alikuwa mruka viunzi hodari, naye ndiye aliyemfundisha kwanza. Baadaye, mwaka 1968, alifika Uganda mwalimu Mwingereza, Malcolm Arnold. Akii-Bua alikuwa akiruka viunzi virefu vya meta 110. Arnold alimshawishi aingie katika meta 400, mbio ambazo wakimbiaji wenyewe huziogopa, kwani hudai kasi ya mkimbiaji wa mbio fupi na pumzi ya mkimbiaji wa masafa ya kati.

Mwaka 1970 alikwenda Edinburgh katika Michezo ya Jumuiya ya Madola akashika nafasi ya nne. Mwaka uliofuata, katika mashindano kati ya Afrika na Marekani kule Durham, North Carolina, alishinda kwa muda uliowafanya wajuzi wa riadha waanze kumwulizia ni nani. Alirudi Kampala akazidisha mazoezi. Alipanda vilima mbio, na aliruka viunzi akiwa amevaa fulana yenye uzito ili siku ya mashindano mwili uwe mwepesi. Tena alikuwa na ustadi ambao wengi hawana. Aliweza kutanguliza mguu wowote, wa kulia au wa kushoto, afikapo kwenye kiunzi. Mkimbiaji wa mguu mmoja akikosea hatua hulazimika kujibana au kujinyoosha, na hapo hupoteza muda. Yeye aliendelea kama vile hakuna kilichotokea.

Tarehe 2 Septemba 1972, mjini Munich, ilikimbiwa fainali ya Olimpiki. Akii-Bua alipangwa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa. Naomba hapa wasomaji ambao hawakuwa wanariadha wanielewe. Njia ya kwanza ndiyo yenye kona kali kuliko zote, na kwa mtu mrefu mwenye hatua ndefu anayetakiwa kuruka viunzi katikati ya kona, ni adhabu. Katika njia nyingine alikuwapo David Hemery wa Uingereza, bingwa wa Mexico 1968 na mwenye rekodi ya dunia ya sekunde 48.12. Alikuwapo pia Ralph Mann wa Marekani.

Hemery alitoka kwa kasi kubwa akaongoza nusu ya kwanza. Akii-Bua hakubabaika. Walipotoka kwenye kona ya mwisho alikuwa amemfikia, na katika ule mnyoosho aliwaacha wote. Saa ilionyesha sekunde 47.82. Hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48. Mann alipata medali ya fedha kwa 48.51 na Hemery ya shaba kwa 48.52. Ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki kwa Uganda. Akii-Bua alivuka mstari akaendelea kukimbia kuuzunguka uwanja kwa furaha, huku watu wakimshangilia.

Hapa nakiri jambo langu. Nikiwa kidato cha tatu nilichaguliwa kuiwakilisha shule katika mashindano ya shule za mjini, mbio hizo hizo za meta 400 za viunzi. Nilipangwa njia ya kwanza. Nilinung'unika kuwa nimeonewa, nikakimbia kwa kinyongo, na baada ya kiunzi cha sita nikatoka nje ya njia nikisingizia msuli. Mwalimu wetu wa michezo hakunigombeza. Mwaka uliofuata, Juni 1997, aliniita ofisini kwake akaniambia amesikia redioni kuwa Akii-Bua amefariki. Nilikuwa sijui ni nani. Akanikalisha akanisimulia habari za Munich, na alipofika kwenye njia ya kwanza alinitazama usoni, kisha akaendelea na hadithi yake. Nilitoka mle ofisini nimejaa haya.

Lakini mwalimu hakunisimulia yote. Yaliyobaki niliyajua nilipokuwa Chuo Kikuu, na ndiyo yaliyonifanya nimheshimu mtu huyu zaidi ya dhahabu yake.

Idi Amin alikuwa ameipindua serikali ya Milton Obote tarehe 25 Januari 1971. Obote alikuwa mtu wa Lango, na baada ya mapinduzi askari na raia wengi wa Lango na Acholi waliuawa. Akii-Bua alirudi kutoka Munich akiwa shujaa wa nchi ambayo serikali yake ilikuwa ikiwamaliza watu wa kwao. Alipandishwa cheo katika polisi, akapewa nyumba, na barabara moja ya Kampala ikapewa jina lake. Papo hapo alikuwa chini ya macho ya wapelelezi, na baadhi ya ndugu zake mwenyewe waliuawa. Alipongezwa hadharani na mtu ambaye faraghani alimtia hofu. Katika hali hiyo bado alishinda dhahabu ya Michezo ya Afrika, Lagos, mwaka 1973.

Alijiandaa kuitetea medali yake Montreal mwaka 1976. Nchi nyingi za Afrika, pamoja na Tanzania na Uganda, zilisusia michezo hiyo kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Msimamo ule ulikuwa wa haki, nami siulaumu. Hata hivyo ni vyema tukumbuke kuwa ulilipiwa na vijana ambao umri wa mbio hauwangoji. Mmarekani Edwin Moses alishinda na kuivunja rekodi ya Akii-Bua, na mbio ya wawili hao ambayo dunia iliitamani haikukimbiwa siku ile.

Kisha ikaja vita. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliivamia Kagera. Baba yangu mdogo alikuwa askari wa JWTZ, na ni mmoja wa wale waliovuka Mutukula. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilikombolewa. Utotoni nilikulia Kariakoo nikisikiliza simulizi zake jinsi raia walivyowapokea kwa vigelegele, na mpaka leo naamini vita ile ilikuwa ya lazima.

Hata hivyo, majeshi yetu yalipokuwa yakiukaribia mji, Akii-Bua aliichukua familia yake akakimbilia Kenya. Kwa Amin alikuwa mtu wa Lango wa kutiliwa shaka. Kwa waliokuwa wakija, afisa wa polisi aliyepewa nyumba na Amin angeweza kuonekana kibaraka. Hakuwa na upande wa kusimama. Safarini mkewe alijifungua kabla ya siku zake, na mtoto hakuishi. Bingwa wa Olimpiki akawekwa katika kambi ya wakimbizi, mpaka habari zake zilipojulikana na kampuni ya viatu ya Puma ikamsaidia kwenda Ujerumani na kumpa kazi.

Nilipoyasoma hayo nilikwenda kumwuliza baba mdogo. Alilikumbuka jina la Akii-Bua tangu mwaka 1972, lakini hakuwa na habari kuwa alikuwa miongoni mwa waliokimbia siku zile. Alinyamaza muda mrefu. Mwishoni aliniambia kuwa wao walikwenda kumtoa Amin, si kumtoa mkimbiaji, ila vita haichagui nani wa kumhamisha nyumbani kwake. Hakulizungumza tena mpaka alipofariki.

Mwaka 1980 Akii-Bua aliiwakilisha tena Uganda, katika Olimpiki ya Moscow. Alikuwa na miaka 30 na miguu iliyokwisha pitia mengi, na hakufika fainali. Baadaye, katika miaka ya 1980, alirudi kwao. Angeweza kubaki Ulaya. Alirudi katika polisi akawafundisha vijana riadha. Alifariki Kampala tarehe 20 Juni 1997, akiwa na miaka 47, naye akazikwa kwa heshima za kitaifa. Uganda ilisubiri mpaka mwaka 2012, miaka 40 kamili, ndipo Stephen Kiprotich alipoleta dhahabu ya pili ya Olimpiki kwa kushinda marathoni ya London.

Nirudi kwa vijana wangu wa Feri. Mwalimu Malcolm Arnold alipotoka Uganda alirudi Uingereza, na huko alimfundisha Colin Jackson. Mwaka 1994 Jackson aliweka rekodi ya dunia ya ukumbini ya meta 60 za viunzi, sekunde 7.30. Rekodi hiyo ilidumu hadi mwaka 2021, na aliyeivunja ni huyu huyu Holloway mliyekuwa mkimtazama kwenye simu. Kwa hiyo msidhani kuwa mambo yale ya ukumbini ni ya watu wa mbali tu wasiotuhusu. Mwalimu aliyemlea bingwa wa ukumbini alikuwa ameanza kupata sifa duniani kwa askari polisi wa Kampala, akipanda vilima na fulana nzito.

Ndugu wanafunzi, sisi tuliowatangulia tuna desturi ya kuja kwenye mikutano kama hii tukawahubiria juu ya bidii. Mimi sina haki ya kuhubiri, kwani nilitoka njiani kiunzi cha sita. Nawaomba jambo moja dogo. Siku mtakapopangwa njia ya kwanza, katika uwanja, katika mitihani au katika kazi, kimbieni mpaka mstari wa mwisho kwanza. Malalamiko, kama yapo, mtayapeleka baadaye. Na yule kijana mruka viunzi, akisoma ukurasa huu, anitafute siku ya mkutano. Pantoni ilitukatiza, na nilikuwa sijamweleza habari ya kuruka kwa miguu yote miwili.

Mungu amlaze pema John Akii-Bua.