Yang Luchan: Mwenye nguvu mpishe

Jirani yangu hunicheka akiniona alfajiri nikipunga mikono polepole uani, eti nafukuza nzi. Nami humpa habari za Yang Luchan.

Mchina huyu alizaliwa 1799 huko Yongnian, jimbo la Hebei, kwa wazazi mafukara. Alihajiri hadi kijiji cha Chenjiagou, akajifunza kwa mwalimu Chen Changxing mchezo tunaouita leo tai chi. Baadaye aliingia Beijing, akawafunza walinzi wa ufalme wa Qing kupigana. Watu wakampa lakabu ya Yang Asiyeshindika.

Siri yake? Hakushindana nguvu. Adui akimsukuma, hulegea na kugeuza kiuno. Adui hupitiliza kwa uzito wake mwenyewe, na hapo kumwangusha ni kazi ndogo. Wahenga wetu walituusia mwenye nguvu mpishe. Yang alimpisha, kisha akamlaza chini.

Alifariki 1872, akawaachia wanawe ujuzi huo.

Mimi nimepita arubaini, na vichochoro vyetu baada ya isha si salama. Kijana akinijia na panga, nitampa simu niende zangu. Lakini akinivuta mkono, angalau najua kusimama nisianguke.