Daktari Aliyeanza na Mguu Wake Mwenyewe

Ndugu zetu askari na polisi walio kazini Busia na Malaba wanajua kwamba habari huvuka mpaka upesi kuliko malori. Mojawapo ya habari hizo ni ile ya tiba ya seli shina, yaani chembe changa za mwili zinazoweza kukua na kuwa chembe za namna nyingine. Askari mmoja wa Tororo ametuuliza juu ya mdogo wake, mtu mzima wa miaka 29, ambaye ana mtindio wa ubongo tangu kuzaliwa. Je, ukoo uuze shamba ili kijana apelekwe ng'ambo kutiwa chembe hizo? Kabla ya kujibu, twaona yafaa kusimulia maisha ya William John Little, kwa kuwa naye aliwahi kusimama kwenye njia panda kama hiyo.

Little alizaliwa London tarehe 7 Agosti 1810, mwana wa mwenye nyumba ya wageni. Angali mtoto mdogo aliugua polio, na mguu wake wa kushoto ukapinda ukawa mguu kifundo. Alikua akichechemea. Kilema hicho ndicho kilichomvuta kwenye elimu ya uganga, akitumaini kwamba siku moja angeufahamu mguu wake mwenyewe.

Alipokwisha kuwa daktari, alipata habari za upasuaji wa kukata kano ya kisigino. Huko Ufaransa upasuaji huo ulikuwa umefanywa mwaka 1816 na jeraha likatunga usaha, kwa hiyo wakubwa wa kazi yake mjini London walimshauri auache. Little hakukimbilia kisu, wala hakukata tamaa. Mwaka 1834 alisafiri hadi bara la Ulaya, akajifunza maungo ya miguu yenye kilema, kisha akamwendea Louis Stromeyer mjini Hanover. Mganga huyo alikuwa amekwisha kutangaza habari za wagonjwa aliowapasua kwa kupitisha kisu chembamba katika tundu dogo la ngozi, ili jeraha lisioze. Little alijua nani waliotangulia na yaliyowapata. Ndipo, mwezi Juni 1836, akiwa na umri wa miaka 25, akautoa mguu wake.

Upasuaji ulifaulu. Little alibaki kwa Stromeyer akajifunza kazi ile, akarudi London, na mwaka 1837 akaanza kuwapasua wengine. Mwaka 1840 ilifunguliwa hospitali aliyoianzisha kwa ajili ya watu wenye viungo vilivyopinda. Mwanawe mmoja alimpa jina la Stromeyer, kwa shukrani.

Lakini jambo lililomletea sifa kubwa zaidi lilikuja baadaye. Mwaka 1861 aliwaeleza madaktari wa uzazi wa London kwamba watoto wengi wenye viungo vilivyokakamaa walipata madhara ya ubongo kwa kuzaliwa kwa shida, kuzaliwa kabla ya wakati, au kukosa pumzi. Kwa miaka mingi hali hiyo iliitwa ugonjwa wa Little. Sasa twaiita mtindio wa ubongo. Wataalamu waliomfuata walionyesha kwamba sababu nyingine huanza tumboni mwa mama. Kisu kilichomnyoosha mguu kiliweza kulegeza viungo vya wagonjwa hao, lakini hakikuweza kutengeneza ubongo uliokwisha kudhurika. Little alifariki tarehe 7 Julai 1894.

Jambo hili si la Ulaya tu. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2017, uliofanywa Iganga na Mayuge, kwenye njia ya kutoka Tororo kwenda Jinja, ulikuta karibu watoto 3 katika kila 1,000 wana mtindio wa ubongo. Si wachache kati yao waliodhurika baada ya kuzaliwa, na malaria ni miongoni mwa sababu.

Sasa twamjibu ndugu yetu. Majaribio ya seli shina yamefanywa zaidi kwa watoto wadogo. Katika jaribio moja la Marekani, lililotangazwa mwaka 2017 na kuhusu watoto 63, waliotiwa damu ya kitovu kwa jumla hawakuwapita wenzao baada ya mwaka mmoja, ingawa waliopata chembe nyingi walionekana kuendelea vizuri zaidi. Kwa mtu wa miaka 29 ushahidi ni haba mno. Mgonjwa mwenyewe, ambaye akili zake ni timamu, aulize kama Little alivyouliza: nani wametibiwa, walikuwa na umri gani, nani aliyewapima baadaye, na madhara yalikuwa yapi? Majaribio ya kweli kwa kawaida hayamtozi mgonjwa bei ya shamba. Anayedai fedha kwanza na kuchelewesha majibu hastahili kuaminiwa.

Shamba na libaki. Sehemu ya mavuno yake yaweza kulipia mazoezi ya viungo, kiti cha magurudumu kinachomfaa, na mtaji wa kazi ambayo kijana ataichagua mwenyewe. Little alithubutu, lakini alichunguza kwanza. Askari hapeleki kikosi mahali ambapo hapajapelelezwa; basi na asimpeleke mdogo wake.