Karuri wa Gakure: Biashara Iliyozaa Utawala

Katika watu wa bara ambao khabari zao zatufaa sisi watu wa pwani ni Karuri wa Gakure, mkubwa wa Tuthu katika nchi ya Murang'a, kwenye miteremko ya Nyandarua ilipo pia Kangari. Utawala wa Kiingereza ulimfikia kwa mlango wa biashara.

Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, na misafara iendayo Uganda ilihitaji chakula kingi. Wakikuyu walikuwa nacho. Mwenye mali akiridhika aliuza, asiporidhika alifunga ghala lake, ingawa misafara mingine ilichukua chakula kwa nguvu. Kiasi cha mwaka 1898 akafika kwa Karuri Mwingereza, John Boyes, mfanyabiashara asiyetumwa na serikali, akitaka chakula na pembe. Karuri akampokea, wakafunga udugu wa damu kwa desturi ya huko, na bunduki za mgeni zikawa nguvu ya mwenyeji juu ya mahasimu wake. Naam, cheo cha Karuri kilikua. Lakini tangu siku hiyo kilisimama juu ya bunduki zisizo zake.

Mwaka 1900 serikali ikamkamata Boyes, ikamleta Mombasa kumshitaki, naye akaachiliwa. Mwaka huo huo Francis Hall akajenga boma Mbirri. Alipofariki mwaka 1901 likaitwa Fort Hall. Karuri akawa chifu wa serikali. Mwaka 1902 akawakaribisha Tuthu mapadri wa Consolata, na mwaka 1916 akabatizwa, akafariki mwaka huo huo.

Tazameni mageuzi haya. Karuri aliyekuwa akipatana bei na mgeni, sasa alikuwa akiwadai watu wake kodi ya nyumba kwa ajili ya mgeni. Na kodi ilitakiwa fedha. Asiye na fedha alilazimika kuuza mazao yake au kwenda kufanya kazi ya ujira. Ghala halikuweza tena kufungwa.

Hatumtukani Karuri. Aliwatakia watu wake usalama, na wakubwa wengi, hata wa pwani yetu, walifunga mapatano yaliyowashinda. Walakini yatupasa tujue: auzaye na auze kwa nguvu zake mwenyewe, kwani anayetegemea silaha za mnunuzi, kesho mnunuzi ndiye atakayempangia bei, kisha atampangia na maisha.