Jacques Monod: Mwanasayansi aliyemweka bakteria na tembo kwenye mizani moja

Ng'ombe akiugua ugonjwa wa kuoza kwato, mfugaji hununua OTC katika duka la dawa za mifugo, na mtaalamu humchoma sindano. Dawa inawadhibiti bakteria, ng'ombe anabaki mzima. Kwa upande mwingine, mgonjwa wa kisukari hujidunga insulini, homoni ya binadamu ambayo siku hizi hutengenezwa kwa kuwatumia viumbe wadogo kama bakteria na hamira.

Mambo haya mawili yanaonekana kugongana. Katika la kwanza, bakteria na mnyama wako mbali kiasi kwamba dawa humpata mmoja na kumwacha mwingine. Katika la pili, wako karibu kiasi kwamba bakteria anaweza kusoma maelekezo ya mwili wa binadamu na kuyatekeleza. Mmoja wa watu waliotufungulia mlango wa kulielewa jambo hili ni Mfaransa Jacques Monod.

Mtoto wa mchoraji

Monod alizaliwa Paris tarehe 9 Februari 1910. Baba yake alikuwa mchoraji, mama yake Mmarekani. Alikulia Cannes, mji wa pwani ya kusini mwa Ufaransa. Utotoni aliugua polio, ikamwachia mguu mmoja dhaifu. Hata hivyo alipanda milima, akaendesha mashua, akapiga chelo na kuongoza kwaya. Muziki ulimvuta kiasi kwamba kwa miaka kadhaa hakuwa na uhakika kama atakuwa mwanasayansi au mwanamuziki.

Mwaka 1934 alisafiri hadi Greenland na meli ya utafiti iliyoitwa Pourquoi-Pas? Mwaka 1936 angeweza kwenda tena, lakini akachagua kwenda California kujifunza elimu ya urithi. Septemba mwaka huo meli hiyo ilivunjika karibu na Iceland, na kati ya wote waliokuwamo alipona mmoja tu.

Sukari mbili na vita

Aliporudi Paris, Monod alianza kuchunguza jinsi bakteria wanavyokua. Alimtumia zaidi E. coli, anayeishi katika utumbo wa binadamu na wanyama. Aliwapa bakteria hao sukari za aina mbili kwa pamoja, kwa mfano glukosi na laktosi, ambayo ni sukari ya maziwa. Aliona jambo la ajabu: walikula glukosi kwanza, na ilipokwisha wakaacha kukua kwa muda. Kisha wakaanza kula laktosi na kukua tena. Kwa nini wasite?

Kabla swali hilo halijajibiwa, vita viliingia. Ujerumani iliivamia Ufaransa mwaka 1940. Monod alijiunga na wapiganaji wa siri, na mke wake, Odette, alikuwa wa ukoo wa Kiyahudi, hivyo hatari ilikuwa nyumbani kwake pia. Mchana alikuwa mtafiti, na nje ya maabara alikuwa mpanga mashambulizi. Inasimuliwa kwamba alificha nyaraka za siri ndani ya mguu wa twiga mkavu aliyewekwa nje ya maabara yake. Baada ya vita alitunukiwa nishani za Ufaransa na Marekani, akahamia Taasisi ya Pasteur na kuendelea na swali lake.

Komeo la jeni

Jibu alilipata pamoja na François Jacob. Walitumia tabia ya bakteria ya kupitishiana jeni, wakawachanganya bakteria wenye jeni nzima na wenye jeni zenye hitilafu, wakaangalia nani anatengeneza nini.

Waligundua kwamba bakteria ana jeni za kumwezesha kula laktosi, lakini kwa kawaida zimefungwa. Protini fulani hukaa mwanzoni mwa jeni hizo kama komeo mlangoni. Laktosi ikifika, komeo hutoka, jeni husomwa, na kimeng'enya cha kuisaga sukari hiyo hutengenezwa. Kule kusita kulikuwa ni muda wa kufungua mlango na kuandaa vifaa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1961. Mwaka 1965 Monod, Jacob na mkuu wao André Lwoff walipewa Tuzo ya Nobel.

Hapo ndipo Monod alipoweka dau lake. Alishikilia kwamba kilicho kweli kwa E. coli lazima kiwe kweli kwa tembo pia. Alikuwa sahihi kiasi gani?

Kuhesabu herufi

Jenomu ni maandishi yote ya urithi yaliyo ndani ya seli, yaliyoandikwa kwa herufi nne za kikemikali. Bakteria na tembo wanatumia herufi zilezile, na karibu viumbe vyote vinazisoma kwa kanuni ileile. Hapo Monod alipatia.

Lakini jenomu ya E. coli, iliyosomwa yote na kuchapishwa mwaka 1997, ina herufi kama milioni 4.6 na jeni za kutengeneza protini karibu 4,300. Ya binadamu ina herufi kama bilioni 3.1 na jeni za aina hiyo karibu 20,000. Ya tembo haipishani sana na yetu. Yaani maandishi yetu ni marefu zaidi ya mara 600, ilhali jeni ni mara tano tu hivi.

Tofauti iko katika mpangilio. Kwa bakteria, jeni zimebanana kama mahindi yaliyopandwa karibu karibu: karibu sehemu 9 kati ya 10 za jenomu ni maelekezo ya protini. Kwa binadamu, maelekezo hayo ni kama sehemu 1 au 2 tu kati ya 100. Katika eneo linalobaki kuna vipande vinavyojirudia mara nyingi, na kuna makomeo na swichi za kuamua jeni ipi ifanye kazi wapi na lini. Seli ya ini na seli ya ngozi zina jenomu ileile, na kinachozitenganisha ni swichi zilizowashwa.

Mwaka 1977 ikagundulika pia kwamba jeni nyingi za viumbe kama sisi zimekatwa vipande, na katikati yake kuna maandishi ambayo seli huyaondoa kabla ya kutengeneza protini. Bakteria hana mtambo wa namna hiyo. Hapo dau la Monod lilikwama, ingawa yeye hakuliona hilo.

Faida ya pande zote mbili

Mwaka 1978 watafiti wa California walipotaka E. coli atengeneze insulini ya binadamu, waliunda maelekezo mafupi yasiyo na vipande vya katikati, wakampa. Akayasoma. Mwaka 1982 insulini hiyo iliruhusiwa Marekani. Kabla yake, wagonjwa walitegemea kongosho za nguruwe na ng'ombe.

Na pale ambapo bakteria anatofautiana nasi, tunapata dawa. OTC hulenga mtambo wa bakteria wa kutengeneza protini, ambao una tofauti na wa ng'ombe. Penisilini huvuruga ujenzi wa ukuta wa bakteria, na seli za mnyama hazina ukuta huo.

Lakini ile tabia ya kupitishiana jeni, iliyomsaidia Monod maabarani, ndiyo pia inayowawezesha bakteria kugawana usugu wa dawa. Kukatisha dozi, au kumchoma ng'ombe dawa bila kipimo, kunawapa nafasi wale sugu kubaki na kuzaana.

Monod alichapisha mwaka 1970 kitabu chake kuhusu bahati na ulazima katika uhai, akawa mkurugenzi wa Taasisi ya Pasteur mwaka 1971, na akafariki Cannes tarehe 31 Mei 1976 kwa saratani ya damu, akiwa na umri wa miaka 66. Dau lake kuhusu tembo lilishinda nusu. Nusu iliyoshinda inamsaidia mgonjwa wa kisukari, na nusu iliyoshindwa ndiyo inayomponya ng'ombe zizini.