Kabla Hajakusahau, Usipige

Wiki iliyopita nilikwenda kumpiga picha jamaa yangu wa Sanaa akichapa fulana bwenini. Kuona kamera tu, akaacha wino, akaanza kupozi. Picha zote zikawa za bure, na maonyesho yetu ni Ijumaa. Tangu siku hiyo namuwaza Andy Warhol.

Warhol alizaliwa Pittsburgh, Marekani, mwaka 1928, mtoto wa wahamiaji waliotoka eneo ambalo leo ni Slovakia. Utotoni aliugua maradhi ya kutetemeka mwili, akalazwa nyumbani muda mrefu, na mama yake Julia akawa anamletea vitu vya kuchorea. Baba alifariki 1942. Mwaka 1949 Warhol akamaliza chuo, akaenda New York kuchora matangazo, hasa ya viatu. Hela alipata, ila wakubwa wa sanaa hawakumhesabu, hadi 1962 alipotundika Los Angeles picha 32 za makopo ya supu.

Ila mimi kinachonivuta ni studio yake, Factory, aliyoingia 1964. Billy Name aliifunika kuta zote kwa karatasi ya alumini na rangi ya fedha. Warhol akamkabidhi kamera. Billy akajifunza mwenyewe na kugeuza choo kuwa chumba cha kusafishia picha. Mwaka 1965 akaja Stephen Shore, dogo wa miaka 17. (Ningekuwa mzazi wake ningemfuata na fimbo!) Dogo akawa anakuja mara kwa mara, anaangalia tu jinsi Warhol anavyoamua mambo. Ndiyo maana kwenye picha zake hakuna miujiza: mtu yuko kwenye kochi, mwingine kwenye simu, wengine wanasubiri.

Tarehe 3 Juni 1968 Valerie Solanas, mwandishi aliyewahi kucheza kwenye filamu yake, alimpiga risasi. Alipona kwa shida, na mlango uliokuwa wazi kwa kila mtu ukaanza kulindwa. Mwaka uliofuata, mtu huyu aliyejificha nyuma ya wigi na miwani alifunua tumbo, Richard Avedon akapiga makovu yake. Sijui kama mimi ningethubutu kuvua. Alifariki Februari 1987, baada ya upasuaji wa nyongo, akiwa na miaka 58.

Kesho narudi bwenini. Nitakaa juu ya ndoo pale pembeni, kamera magotini, mpaka jamaa arudie wino wake.